Rudi na Mwili Wako

Walikuja Jumamosi asubuhi, jumuiya nzima, wamebeba unga. Ndoo ya unga wa mahindi, trei ya mayai, sukari, na mkungu wa ndizi kichwani kwa mama mmoja ambaye tangu nihamie mtaa ule hakuwahi kuitikia salamu yangu vizuri. Rozari zilikuwa mikononi. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kutembea kama daktari alivyoniagiza, nimepanda kilima nyuma ya nyumba zetu hapa Mbinga mpaka kwenye mashamba ya kahawa, na sasa nilikuwa nateremka nimelowa jasho, mdomo wazi, kanga nimeikaza kiunoni. Nikawakuta wamejaa uani kwangu juu ya mikeka, binti yangu kapakatwa na mmoja wao.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele na milele, amina."

Mama mwenyekiti akanitazama kuanzia shingoni hadi miguuni, akashusha sauti kama yumo kanisani. "Mwanangu, kwa nini unajitesa kutoka nje na hali hii? Ona jasho. Homa hiyo."

"Si homa, mama. Nimetoka kutembea."

"Ulikwenda wapi?"

"Sikwenda popote. Nilitembea tu."

Wakatazamana. Huku kwetu mtu hutembea akiwa na anakokwenda: shambani, sokoni, msibani. Anayepanda mlima mikono mitupu akashuka mikono mitupu, ama kichwa kimeguswa ama katoka kwa mganga. Nikaanza kueleza habari za presha na uzito, lakini mama wa mkungu wa ndizi alishaanzisha wimbo. Wakanipigisha magoti katikati yao. Wakaniombea kama wagonjwa wote wanavyoombewa, wakafika mahali pa kuomba Mungu anipe nafuu, na kama si mapenzi yake, basi anipe kifo chema. Mimi hapo nahema kwa sababu ya kilima, mtu juu ya kichwa changu anajadiliana na Mungu kuhusu kifo changu, na mwanangu wa miaka mitatu ananikodolea macho.

Nilitaka kucheka. Sikujua kwamba siku ile ndiyo ilianza safari ya kunichukulia mtoto.

Nirudi nyuma kidogo ieleweke. Nilikuwa mnene, na unene ule niliupenda. Nilipoolewa mama mkwe wangu alinizunguka mara mbili uani kwake kule Lipingo, ziwani, akapiga kigelegele, akasema mwanawe ameleta mke wa kujaza nyumba. Kazi yangu ni chapati na maandazi karibu na stendi, na vijana wa bodaboda, mume wangu akiwa mmoja wao, waliniita Bonge la Mama. Ilikuwa ni sifa. Kisha nikabeba mimba ya pili, presha ikapanda, nikapata kifafa cha mimba, na mtoto akafia tumboni. Alikuwa wa kiume. Sikumwona, walimzika nikiwa bado sijitambui.

Daktari aliniambia bila kuzungusha. Alisema mwili huu na presha hii vikikutana tena kwenye uzazi, safari ijayo watazikwa wawili. Alisema nipunguze uzito, lakini polepole, mwaka, pengine na zaidi, na nisije nikajinyima chakula kama mfungwa nikaanguka. Nipunguze ugali, nizidishe likolo, mboga zetu za majani, niache kuonja chapati ninazopika, nitembee. Nikamuuliza, "Dokta, hamna dawa?" Akasema, "Dawa ni subira." Nilimchukia palepale.

Wanaosema subira yavuta heri wangejaribu kukaa mbele ya chuma cha chapati tangu alfajiri, harufu inakupiga puani, unageuza chapati za watu wengine huku tumboni una kikombe cha uji usio na sukari. Miezi ya mwanzo uzito ulishuka haraka nikajiona shujaa. Halafu ukagoma. Kila nikienda kliniki mzani unasimama palepale kama punda aliyechoka. Nesi akawa ananiambia, "Mwili ni mkaidi, dada, usiukasirikie." Kwa nini nisiukasirikie? Uliniulia mtoto.

Ulipoanza kushuka tena ulishukia usoni. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mashavu yakaingia, shingo ikatoa mifupa. Vijana wa bodaboda wakamgeukia mume wangu. "Oya, mwenzetu unamlisha nini mama chapati, picha za ugali?" Yeye anacheka nao, usiku hanitazami. Nilipeleka magauni kwa fundi wangu wa cherehani, mama mmoja Mwislamu mwenye asili ya pwani, na yeye peke yake hakuniuliza ugonjwa. Aliuliza tu, "Mshono nikukatie kabisa, au nikuachie kitambaa ndani, isije unene ukarudi?" Nikamwambia akate. Akakata.

Basi hiyo ndiyo hali jumuiya iliyonikuta nayo. Na habari huku haiteremki ziwani kwa basi, inateremka kwa simu. Kabla Jumapili haijaisha mama mkwe alishajua kwamba nimepakwa mafuta ya wagonjwa, kitu ambacho hakikutokea. Jumanne akashuka stendi na kikapu cha dagaa wakavu, usipa, akaja moja kwa moja pale nilipokuwa nasukuma chapati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakukaa. Alinitazama mikono. "Mkamwana, umekwisha."

"Sijaisha, mama. Nimepungua. Daktari ndiye—"

"Binti yangu naye alisema hivyohivyo."

Huyo binti yake alikuwa wifi yangu ambaye sikumkuta. Alirudi nyumbani Lipingo kutoka mjini na mtoto mchanga, amekonda, akamwambia mama yake ni uchovu wa safari. Alimficha mama yake ugonjwa mpaka mwisho. Alizikwa yeye, na baada ya muda mfupi akazikwa hata mtoto aliyekuwa akimnyonyesha. Hayo nilikuwa nimeyasikia kwa mume wangu. Sikujua kwamba mama mkwe anayaona kila anapomwona mtu mfupa wa bega.

"Mimi nimepima, mama," nikasema. "Tulipima wote wawili, mimi na mwanao. Muulize."

"Binti yangu naye alipima."

Mume wangu alifika pikipiki yake ikiunguruma, nikamtegemea aseme. Alishika kofia yake ngumu mikononi kama mtoto wa shule aliyechelewa. Akasema, "Mama yuko sahihi, mtoto akae kule kidogo, hewa ya ziwa nzuri, na wewe upumzike."

"Nipumzike nini?"

"Mama watoto, usipige kelele hapa, wateja."

Mama watoto. Mmoja kaburini, mmoja anapandishwa basi. Mama mkwe alimbeba mgongoni kwa kanga yangu mwenyewe. Binti yangu alifurahi, alidhani anakwenda kutembea. Na bibi yake, mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya basi, akanigeukia akaniambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasaga meno. "Sikunyang'anyi. Rudi na mwili wako ule niliokupokea nao, mtoto utamchukua siku hiyohiyo."

Nilimpigia mama yangu mzazi kule Tingi nikitarajia atawasha moto. Akasema, "Mtoto ni wa ukoo wao, mwanangu. Wewe kula, upone." Hata yeye alidhani naumwa.

Nilikwenda Lipingo mara moja mwezi uliofuata. Nilikaribishwa vizuri, sitasema uongo. Ugali wa muhogo kama mlima, na samaki mbasa wa kuokwa, mkubwa kuliko sahani. Mama mkwe alikaa mbele yangu bila kula, anahesabu matonge yangu. Nilimaliza samaki, nikaacha ugali nusu. Akaondoa sahani, na jibu likawa hilo. Binti yangu alinililia nilipoondoka mpaka akapata homa, ikachukua siku kadhaa kushuka. Basi mume wangu na mama yake wakakubaliana kwenye simu kwamba nisiende tena mpaka nipone, nisimletee mtoto maradhi ya kumlilia mama kila mwezi. Mimi sikuulizwa. Niliambiwa wakati ameshika funguo za pikipiki anatoka.

"Si ule tu," akaniambia siku nyingine, kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko ukali. "Kula miezi miwili, mama akuone, tumchukue mtoto. Halafu utapunguza tena."

Kama vile ni gauni.

Lakini nilikula. Niliketi nyuma ya jiko langu nikala chapati za mafuta moja baada ya nyingine, nikala maandazi ya moto yakaniunguza kaakaa, jioni ugali wa mtu mzima mara mbili, togwa kwenye kopo kubwa. Nilikula kama mtu anayechimba shimo amtoe mtoto aliyefukiwa. Sikuwa na njaa hata kidogo. Na mwili, ule mkaidi, haukukataa hata siku moja. Mashavu yakaanza kurudi, mama mwenyekiti akanipita njiani akasema, "Sala zinafanya kazi!" Kisha miguu ikavimba. Kichwa kikaanza kupiga kisogoni, upigaji ule ninaoujua, na macho yakaona vimulimuli juu ya unga. Kliniki nesi alinifunga kitambaa cha kipimo mkononi, akakijaza upepo, akatazama, akafungua, akafunga mkono wa pili. Hakusema kwamba mwili ni mkaidi. Alisema, "Dada, mtoto uliyenaye unamtakia mama au kaburi?"

Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la nje. Kula, nipewe mtoto, nife. Kutokula, niishi, nisiwe na mtoto. Watu wazima, Wakristo, wenye mapenzi mema, walikuwa wameniwekea mambo hayo mawili mezani na wanangoja nichague. Nililia mpaka mama mmoja mjamzito akaondoka pale, labda alidhani nimefiwa.

Nikarudi kwenye uji. Kuanza upya ni kubaya kuliko kuanza, kwa sababu sasa unaijua njia na urefu wake. Kutembea nako nilikuwa nimechoka kuulizwa ninakokwenda, ndipo mzee mmoja wa jirani akanitania, "Kama una nguvu za kupanda mlima bure, njoo shambani kwangu ukachimbe ngoro." Nikaenda. Alidhani ni utani, akanikuta mlangoni na jembe. Ngoro ni kazi ya Wamatengo tangu enzi: unafyeka nyasi kwenye mteremko, unazilaza miraba miraba, unachimba udongo katikati unafunika nyasi, shimo linabaki la kushika maji ya mvua. Ukichimba tangu asubuhi mgongo unakusahau. Nikagundua na jambo jingine: nikibeba jembe begani, hakuna anayeuliza. Hata siku ambazo sikuwa na shamba la kulima nilipanda kilima na jembe, nikateremka na jembe, na watu walewale waliosema nimerogwa wakawa wanasema, "Pole na kazi, mama."

Usiku nilimpigia mwanangu. Mama mkwe ana simu ndogo ya vitufe, huwezi kuona mtu, sauti tu. Mwanzo mtoto alisema, "Mama njoo." Baadaye akawa anasimulia habari za bata na za mitumbwi. Baadaye zaidi akawa anataka kurudi kucheza, nasikia anamwambia bibi yake shika. Siwezi kusema ni wiki ya ngapi aliacha kusema njoo. Hilo halina tarehe. Linakauka tu.

Msimu wa kahawa ukaisha, mvua zikanyesha zikakatika, msimu mwingine ukafika, wakulima wakaja stendi na magunia na mifuko mipya. Presha yangu ikashuka ikakaa. Daktari yule niliyemchukia akanipima, akarudia, akasema sasa naweza hata kubeba mimba akinisimamia. Alinipa mkono. Nilimwuliza, "Dokta, na mashavu yatarudi?" Akacheka, akadhani ni utani.

Sikumuaga mtu. Nilipanda basi la Mbamba Bay nikatoka hapo na bodaboda ya mtu nisiyemjua mpaka Lipingo. Mama mkwe alikuwa mchangani anatandaza usipa juu ya kichanja. Binti yangu alikuwa anawafukuza ndege kwa kijiti. Amekuwa mrefu. Miguu ya baba yake.

"Shikamoo mama."

Alinyanyuka taratibu. "Umekuja na nini?"

"Nimekuja na mwili wangu. Ndio huu. Mwingine sina."

Nilichuchumaa nikamwita mwanangu kwa jina lake. Alikuja hatua mbili akasimama, akainamisha kichwa kusikiliza. "Bibi," akasema, "huyu ni yule wa kwenye simu."

"Ni mama yako," bibi yake akasema. Nampa haki yake, alisema.

Mtoto akatikisa kichwa, akamvuta bibi yake kidole mpaka mlangoni, akamwonyesha ukutani kupitia mlango wazi. Ilikuwa picha yangu ya harusi, mashavu yamejaa, mikono imejaa, nacheka. Kumbe kila jioni walikuwa wakiiaga kabla ya kulala. "Mama ni yule," akasema. "Mnene. Atakuja."

Kuna hasira ambayo hata sauti haina. Nilishika kikapu cha usipa kilichokuwa chini nikaanza kutandaza, kwa sababu mikono ilikuwa lazima ifanye kitu.

Nilikaa. Hakuna aliyenikaribisha wala kunifukuza. Nilichota maji ziwani, nikabeba kuni, nikabeba samaki kutoka mitumbwini wakati jua halijatoka, nikatwanga muhogo. Mama mkwe alinitazama muda wote jinsi mtu anavyotazama chungu kilichobandikwa. Alikuwa anangoja kikohozi. Alikuwa anangoja nikae chini katikati ya kazi, nishike ukuta. Nilikula tonge zangu chache na likolo na samaki, naye akatazama hata hilo. Usiku mtoto alilala kwake. Nilisikia wanaagana na picha.

Siku moja tulikuwa tunabeba kichanja kizima, yeye upande huu mimi upande ule, kizito kwa mvua ya usiku. Katikati ya njia akasimama. Nikadhani amechoka, nikamwambia, "Weka, mama, nitakivuta mwenyewe." Nikakivuta mwenyewe. Nilipogeuka alikuwa ameketi mchangani, kanga mdomoni, mabega yanatetemeka.

"Binti yangu," akasema, "alikuwa hawezi kunyanyua hata kikombe. Nilikuwa namshikia kikombe."

Nikakaa karibu yake. Sikumkumbatia. Nisingeweza kusema uongo kwa mikono. Lakini nilikaa.

"Kwa hiyo wewe huumwi kweli," akasema.

"Siumwi, mama. Tangu mwanzo."

"Basi nimefanya nini?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nimeyapanga shambani, shimo kwa shimo, makali, na yote yalikuwa kweli. Nilimwangalia bibi kizee yule aliyemlinda mwanangu—mjukuu wake, mtoto wetu—dhidi ya mama asiye mgonjwa, kwa sababu mara ya kwanza hakulinda na waliondoka wawili. Nikasema, "Mfungashie nguo zake."

Alizifungasha mwenyewe, pamoja na sahani yake ya bati. Nilimkatalia picha. Mtoto aliililia picha kuliko alivyomlilia bibi, alining'ata mkono nikimpandisha basi, akalia mpaka akalala kabla hatujamaliza kupanda milima.

Sasa tuko Mbinga. Yuko hapa, anakula, analala, anacheza na watoto wa jirani. Baba yake humwita baba bila shida, maana yeye alikuwa akiruhusiwa kwenda na pipi. Mimi ananiita "wewe." "Wewe, nataka maji." Akisinzia huja mapajani pangu, ajigeuzegeuze akitafuta mahali laini, asipate, ashuke akalale mkekani. Nesi ananiambia, kwa upole wake uleule, nimpe muda. Naujua muda. Nimeula muda mwaka mzima na zaidi, badala ya chapati.

Juzi alikuwa amekaa karibu na jiko langu stendi, anafinyanga kipande cha unga nilichompa. Mteja mmoja mgeni, mama wa makamo, akamwinamia. "Mtoto mzuri! Mama yako yuko wapi?"

Hakunyanyua hata uso. "Hajafika," akasema.

Yule mama akanitazama, akatazama mtoto, uso uleule mimi na yeye, akacheka akidhani ni utundu wa watoto. Nikamgeuzia chapati yake. Nikamwuliza nimfungie au atakula hapahapa.